Karafuu na mlio wa bizimu: kisa cha farasi aliyekataa tandiko

Karafuu aliingia Kigamboni usiku, ndani ya Fuso lililomtoa Arusha, na kabla ya adhana ya alfajiri alikuwa keshang'oa ubao mmoja wa banda lake. Ni farasi jike wa miaka saba hivi kwa hesabu ya meno, rangi ya karafuu iliyokauka, na jina lake limetoka hapo. Mwenye naye ni mama mmoja wa Mjimwema ambaye mwenyewe hajawahi kupanda hata punda. Alimnunua kwa ajili ya bintiye wa miaka 14. Muuzaji alimhakikishia kwamba farasi amekwisha fundishwa, ila "ana makeke kidogo akitandikwa."

Nilipigiwa simu mwezi mmoja baadaye. Makeke hayo kidogo yalikuwa yameshawaangusha watu wawili, na wa pili alivunjika mfupa wa bega. Mama hakuzunguka: "Mwalimu, huyu anafundishika, au nitafute mtu wa kumuuzia?" Nikamwomba siku chache za kumwangalia tu. Akanyamaza kwenye simu. Nadhani alikuwa anajiuliza kwa nini amlipe mtu kwa kuangalia.

Kazi yote ilikuja kuchukua wiki 16. Ukiacha siku za kumchunguza, tandiko halikugusa mgongo wa Karafuu mpaka wiki ya tano, na majirani waliokuwa wakichungulia juu ya ukuta walishaamua kwamba nakula pesa ya mwanamke wa watu. Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kila aliyenisimulia habari za farasi huyu alisema neno lile lile, "anaogopa tandiko", na neno hilo lilikuwa limekosea.

Asubuhi ya kwanza nilikaa juu ya ndoo nje ya uzio, nikamwomba mzee wa bandani amtandike kama anavyofanya siku zote, ila nikiinua mkono asimame papo hapo. Mzee huyu ni mtu wa Kondoa, amekua na punda tangu anatambaa, na mkono wake kwa wanyama ni mwepesi. Alitoka stoo amekumbatia tandiko. Karafuu alimwona akiwa hatua kumi na mbili hivi: masikio mbele, shingo juu, mkia ukabanwa. Mzee akafika, akaweka kitambaa, akaweka tandiko. Farasi hakusogea hata ukwato mmoja.

"Unaona, mwanangu," mzee aliniambia. "Linapanda bila tabu. Shida inakuja baadaye."

Hapo ndipo nilipoanza kuangalia kwa makini, kwa sababu farasi yule hakuwa ametulia. Alikuwa ameganda. Mdomo wa chini ulikuwa umekazwa mpaka kidevu kikatoka vikunyanzi, macho hayapepesi, pumzi fupi za juu juu. Farasi aliyetulia anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, anapumzisha ukwato mmoja wa nyuma, sikio moja linasikiliza huku na jingine kule. Aliyeganda anasubiri jambo analolijua. Nikamwashiria mzee aendelee. Akainama kuuvuta mkanda wa tumboni uliokuwa ukining'inia upande wa pili, na bizimu, kile chuma cha kufungia, kikagonga chuma cha kukanyagia: *kacha*. Mkanda ulikuwa haujamgusa bado. Mgongo wa Karafuu ulipanda kama wa paka, kichwa kikaenda chini, na nilipoinua mkono mzee alikuwa keshajirusha pembeni. Tandiko tuliliokota karibu na mwembe.

Basi shida haikuwa tandiko. Ilikuwa mkanda, na kabla ya mkanda ilikuwa sauti ya chuma inayotangulia mkanda. Mtu anayeamini farasi anaogopa tandiko atamwekea tandiko mara mia moja, na mara zote mia atakuwa anafundisha kitu ambacho mnyama amekwisha kijua.

Nilibaki na maelezo matatu. La kwanza, kwamba anaumwa sasa hivi. La pili, kwamba aliumwa zamani na anakumbuka. La tatu, kwamba hakuna aliyewahi kumfundisha hatua hiyo, alirukishwa tu. Matatu hayo kwa nje yanafanana kabisa, lakini dawa zake hazifanani. Ukianza mazoezi na farasi anayeumwa, unamfundisha kwamba maumivu yake hayana msikilizaji. Kwa hiyo kabla ya kitu chochote tulimwita daktari wa mifugo, tena si yule wa kuchanja tu na kuondoka, bali aliyekubali kupoteza nusu siku na mnyama mmoja.

Daktari alianza na vidole. Pande zote mbili za nundu ya mabega kulikuwa na mabaka ya nywele nyeupe, kila moja ukubwa wa sarafu ya shilingi 200. Farasi wa rangi nzito hazaliwi na mabaka ya namna hiyo mahali hapo. Ngozi ikibanwa na tandiko kwa muda mrefu, vinyweleo hupoteza rangi na nywele zinazoota baadaye hutoka nyeupe. Nyuma ya mabega misuli ilikuwa imebonyea. Nyuma ya viwiko, mkanda unakopita, palikuwa na makovu mawili ya zamani yasiyoota nywele. Meno ya nyuma yalikuwa na ncha zinazokata shavu kwa ndani, daktari akayapiga tupa. Alishuku pia vidonda vya tumbo, na hapo alituuliza farasi anakula nini na saa ngapi.

Jibu lilituaibisha kidogo. Karafuu alikuwa anapewa pumba na mashudu asubuhi na jioni, majani kiganja, na katikati hapo amesimama tu. Tumbo la farasi linatengeneza tindikali saa zote, ale asile. Porini anatafuna sehemu kubwa ya siku, na mate na majani ndivyo vinavyoituliza tindikali hiyo. Ukimwacha na tumbo tupu kisha ukamfunga mkanda na kumkimbiza, tindikali inarukia sehemu ya juu ya tumbo isiyo na kinga. Anayefungwa mkanda akiwa na hali hiyo ana haki ya kung'ata. Tukapunguza pumba, tukanunua marobota ya majani makavu, tukamning'inizia wavu wa majani usioisha. Mama alilalamika juu ya bei ya marobota kuliko alivyolalamika juu ya malipo yangu, na sikumlaumu.

Halafu tandiko lenyewe. Nililipaka unga wa sembe kwa chini, nikaliweka juu ya kitambaa cheusi mgongoni, nikalikandamiza kwa mikono kidogo kabla farasi hajapata wasiwasi, nikaondoa. Unga ulibaki mbele na nyuma, katikati kitambaa kikabaki cheusi. Maana yake uzito wote wa mtu ulikuwa unasimama kwenye ncha nne, kama meza. Na kwa mbele lilikuwa jembamba, linambana mabega kila anapotupa mguu. Lingefaa farasi mwingine. Kwa huyu lilikuwa kama kiatu namba 38 kwa mvaaji wa 42.

Tulimpima na uzito, kwa tepu, maana mizani ya farasi huku ni ndoto. Mzunguko wa kifua sentimita 172, urefu kutoka ncha ya bega mpaka ncha ya tako sentimita 160. Unazidisha mzunguko kwa mzunguko, unazidisha kwa urefu, unagawa kwa 11,880. Inatoka kilo 398. Wengi hutumia kipimo cha asilimia 20 ya uzito wa farasi kwa mpandaji pamoja na tandiko, ambayo hapa ni kama kilo 80. Kwa mgongo ule uliokonda nilisema hatutavuka 60. Mmoja wa wale walioangushwa, niliambiwa, alikuwa na kilo 90 na ushei.

Mzee wa bandani alisikiliza maelezo yote ya daktari kisha akasema, "Ndiyo maana wahenga wakasema asante ya punda ni mateke." Nikamwambia, mzee wangu, hiyo methali mimi nina ugomvi nayo. Punda hapigi teke la kwanza. Kwanza anabana masikio, anageuza kichwa, anapiga mkia, anasogea pembeni. Tukivipuuza vyote hivyo, teke ndilo linalobaki, na sisi tunaanza kuhesabu mazungumzo hapo. Mzee akacheka, akasema mwanangu umesoma sana. Lakini kuanzia siku ile alianza kuniletea taarifa za masikio na mkia, na taarifa zake zilikuwa bora kuliko zangu.

Wiki tatu za kwanza za mazoezi Karafuu hakuona tandiko. Tulifanya mambo mawili tu.

La kwanza lilikuwa lile bizimu. Nililing'oa kwenye mkanda wa zamani, nikalifungia na chuma kingine kwenye kamba fupi, nikampa mzee aweke mfukoni. Kazi yake ilikuwa kutembea nalo. Akimwaga majani, lilie. Akijaza maji, lilie. Mwanzoni lilie kwa mbali, upande wa pili wa uwanja, na mara tu baada ya mlio aje na kipande cha karoti au ganda la tikiti maji. Mpangilio huo ni lazima: mlio kwanza, kitamu baadaye. Ukitanguliza kitamu ndipo ulize chuma, unamfundisha kwamba karoti ni dalili ya balaa, na karoti nazo utazipoteza. Siku mbili za mwanzo kila *kacha* ilimfanya arudi ukutani. Siku ya nne aliinua kichwa tu. Siku ya tisa niliingiza mkono mfukoni kutafuta simu, funguo zikalia, naye akaja mpaka kwenye uzio akanisukuma bega.

La pili lilikuwa kanga. Nilichagua kanga kuukuu kwa sababu ni laini, haina chuma, haina uzito, na kwa upepo wa bahari inapepea, kitu ambacho kingemjia siku moja tu. Nilianza nikiwa nimeikunja kiganjani. Namsogelea, na kabla hajainua shingo, narudi nyuma. Hili la kurudi kabla hajaomba ndilo linaloshinda watu. Mkono unataka kusonga mbele kwa sababu mambo yanakwenda vizuri. Lakini farasi hajifunzi wakati unapombana, anajifunza pale unapomwachia. Ukiondoa kanga akiwa katulia, anajifunza kwamba kutulia kunaiondoa. Ukiiondoa akiwa anaruka, amejifunza kuruka. Kuchelewa sekunde mbili kunabadilisha somo zima.

Kila nilichokifanya upande wa kushoto nilikirudia kulia, na kulia nilianza tena upya kana kwamba ni farasi mwingine. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma kabisa ya mkia na kipande kidogo mbele ya paji. Kitu alichokizoea kwa jicho la kushoto kinaweza kumshtua kikitokea kwa la kulia. Na kanga inapovuka mgongo kutoka upande mmoja kwenda mwingine, inapotea jicho hili na kuibukia jicho lile. Mguu wa mpandaji unafanya hivyo hivyo. Nilitaka ajue habari hiyo mapema, kwa kitambaa, siyo kwa mtu wa kilo hamsini.

Mazoezi yalikuwa kati ya saa moja na saa mbili na nusu asubuhi, dakika 15, mapumziko, dakika 15, basi. Jioni tuliiacha. Jua la Dar likishaanza kushuka usubi unatoka, na usubi ndio unaobeba ugonjwa wa farasi wa Afrika, kwa hiyo saa hizo nataka farasi awe ndani. Lakini hata ukiweka ugonjwa pembeni, farasi anayeumwa na wadudu ngozi inatetemeka, mkia unapiga, mguu unagonga chini, na mwalimu aliyechoka atasema "anaogopa" wakati mnyama anafukuza mdudu. Ngozi yake inamhisi nzi mmoja akitua. Anayemchapa fimbo farasi ili asikie akumbuke hilo.

Wiki ya nne tukaingia kwenye mkanda, bila mkanda. Mkono wangu kwanza, ukipita chini ya kifua na kutulia pale penye makovu. Kisha kanga iliyokunjwa kwa urefu, mzee ameshika ncha huku, mimi nimeshika kule, hakuna fundo. Tunakaza kidogo, tunahesabu moja mbili, tunaachia. Yeyote kati yetu akiona sikio limerudi nyuma anaachia upande wake na kanga inadondoka. Nilikataa kabisa kufunga chochote ambacho hakiwezi kufunguka kwa sekunde moja. Ile ndiyo hofu yenyewe ya mkanda: unakubana kifua, na ukikimbia unakimbia nao.

Wiki ya tano likaja tandiko jingine, la kuazima, pana zaidi kwa mbele, tumelipima kwa unga ule ule. Lilipanda, akaendelea kutafuna majani. Tulifunga mkanda tundu la kwanza tu, tukamtembeza hatua tano, tukafungua. Sikuamini macho yangu, na hapo ndipo nilipoharibu.

Kosa ni langu, sitalisukumia mvua. Sikukuu ilikuwa inakaribia, na mama aliuliza kwa upole kabisa kama binti angeweza kupiga picha, farasi akiwa ametandikwa tu, si lazima ampande. Asubuhi ya siku hiyo mawingu yalikuwa yamefunga. Nikasema tumtandikie chini ya banda la mabati, mvua isimlowanishe. Mkanda nikaufunga tundu la kwanza, huku nikijiambia kwamba wa kulegea ni salama zaidi. Mvua ikaanza. Mwenye nyumba ya mabati anajua mlio ule, hata binadamu hamsikii aliye mbele yake. Karafuu akaruka pembeni, mkanda ukiwa umelegea tandiko likazunguka likaingia tumboni, na vile vyuma vya kukanyagia vikawa vinampiga miguu ya nyuma. Alivunja uzio, akazunguka uwanja mara tatu tandiko likining'inia chini, mpaka likakatika. Alichanika juu ya kifundo cha mguu wa nyuma. Binti aliona yote.

Nimelifikiria tukio lile mara nyingi. Mkanda alikuwa anaumudu kidogo. Mvua ya mabati labda angeimudu kidogo. Hofu mbili ndogo zikikutana ndani ya farasi hazijumlishwi, zinazidishwa. Sheria yangu mwenyewe, ambayo nimewahubiria watu miaka yote, ni jambo moja jipya kwa siku, nami siku ile niliweka matatu: mahali pengine, watu wanaotazama, na mvua. Tena mkanda uliolegea hauna huruma yoyote. Unafungwa polepole, kwa hatua, lakini mtu hatoki pale mpaka tandiko limeshika.

Tulirudi kwenye kanga. Mama hakusema neno kali, alisema tu, "Basi mwalimu, picha tutapiga mwakani." Ilichukua wiki tatu kufika tena tulipokuwa. Safari hii nilibadilisha jambo moja la maana. Farasi wengi wanajaza kifua wanapofungwa mkanda, nao Karafuu alikuwa hivyo, kwa hiyo tulifunga kwa vituo vitatu: tundu la kwanza, tembea uwanja nusu, tundu la pili, tembea tena, mvute mguu wa mbele mmoja mmoja ili ngozi isijikunje chini ya mkanda, tundu la tatu, simama, subiri ashushe kichwa na kulamba midomo. Asipokishusha, tunarudi tundu la pili na siku imeisha. Kwenye joto la pwani jasho na mchanga chini ya mkanda vinachubua ngozi upesi, basi kila siku mzee aliuosha mkanda na kuukausha kivulini. Kidonda kipya mahali pa kovu la zamani kingetupeleka wote nyumbani.

Wiki ya kumi tulikuwa tayari kwa mtu. Kuna waliotushauri tumpeleke baharini, maji yamjae kifuani, apandiwe humo, maana ndani ya maji hawezi kurusha miguu. Ni kweli inamwia vigumu. Lakini kumnyima farasi nafasi ya kuruka si sawa na kumwondolea sababu ya kuruka, na siku moja atatoka majini.

Tulitumia sanduku la mbao. Kwa siku nne mtu alikuwa anapanda juu ya sanduku, anampiga brashi mgongoni kutoka juu, anashuka. Hiyo tu. Farasi anayeliwa na simba anarukiwa mgongoni, na kiumbe chochote kinachosimama juu na nyuma ya jicho lake kinaamsha kitu cha zamani kuliko Karafuu mwenyewe.

Mpandaji alikuwa kijana wa Gezaulole, kilo 52, na tandiko kilo 7. Kazi yake nyingine ni uvuvi. Nilimchagua kwa ajili ya nyonga zake: mtu aliyezoea kukaa kwenye ngalawa hashindani na wimbi, anaacha kiuno kiende nalo. Wapanda farasi wengi wanatafuta miaka kupata kikao hicho. Ila alikuwa na woga, na woga wa mpandaji si siri kwa farasi. Kuna jaribio lililofanyika Sweden, likachapishwa 2009: watu waliongoza au kupanda farasi kupita mahali fulani, na mara ya mwisho wakaambiwa kwamba mwavuli utafunguliwa ghafla. Mwavuli haukufunguliwa. Mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi yakapanda pamoja nayo. Farasi hawakuwa wameambiwa kitu. Na karne moja kabla ya hapo kulikuwa na yule Hans wa Berlin, farasi aliyedaiwa kujua hesabu, mpaka mtafiti Oskar Pfungst alipoonyesha 1907 kwamba alikuwa anasoma vichwa na vifua vya waulizaji, miondoko midogo ambayo wenyewe hawakujua wanaifanya.

"Kaka, sasa nifanyeje nisiogope?" kijana aliniuliza. Nikamwambia aogope tu, ila aimbe. Mtu anayeimba hawezi kushikilia pumzi, na pumzi iliyoshikiliwa ndiyo inayokaza mapaja.

Siku ya kwanza alilala tumbo juu ya tandiko kwa hesabu ya tano, akashuka. Siku ya pili hesabu ya ishirini, upande wa kushoto, kisha kulia. Siku ya nne alivusha mguu, polepole, akihakikisha haugusi tako, akakaa huku ameegemea mbele ili asionekane mrefu ghafla. Akaanza kuimba chinichini. Sikio moja la Karafuu likarudi kumsikiliza, jingine likabaki kwa mzee ambaye alikuwa amesimama mbele, mkono mfukoni. *Kacha*, mzee akaliza bizimu. Kisha karoti. Nilikuwa sijamwagiza afanye hivyo.

Wiki tatu zilizofuata hazina hadithi. Kutembea, kusimama, kugeuka kwa hatamu moja laini, dakika kumi, kisha kumi na tano. Kwenda mbio hatukumfundisha kabisa. Mara moja bodaboda ilipita nyuma ya ukuta ikipiga honi, akarusha hatua mbili pembeni, kijana akaenda naye kama kwenye wimbi, na wimbo haukukatika.

Binti ndiye aliyekuwa mgumu. Alikuwa ameona tandiko likizunguka, na kila alipokaribia mikono ilikuwa ya baridi. Nilimzoesha kwa njia ile ile niliyomzoeshea farasi, hatua mbele, kurudi kabla hajaomba kurudi. Kwa wiki nzima kazi yake ilikuwa kubeba bizimu la mzee mfukoni na kugawa karoti. Nilipomwambia asubuhi moja kwamba leo anaweza kukaa, alisema hapana. Nikasema sawa. Alikaa siku mbili baadaye, bila kuambiwa, mzee akiwa ameshika kamba.

Sasa ni wiki ya 16 na kidogo. Maji yakipwa binti anampanda ufukweni pale mchanga unapokuwa mgumu, mwendo wa kutembea, dakika ishirini, mzee pembeni. Mkanda bado unafungwa kwa vituo vitatu, na sitarajii kwamba utakuja kufungwa kwa kimoja. Mabaka meupe yapo palepale, nywele hizo hazirudi. Misuli ya nyuma ya mabega imeanza kujaa, na tandiko la kuazima tumelipaka unga tena wiki iliyopita kwa sababu mgongo unaojaa unabadilisha kipimo. Mama hajaniuliza tena habari za kuuza, ila ameniuliza kama tunaweza kupunguza marobota, nami nimekataa.

Mvua ya mabati bado hatujaimaliza. Tunaichezea kwa mbali: mzee anarusha kokoto chache juu ya paa la stoo, Karafuu akiwa uwanjani, hajatandikwa, anakula. Ikianza ya kweli tukiwa nje na tandiko liko mgongoni, binti anashuka, anampa karoti, anahakikisha mkanda uko tundu la tatu, na wanasimama wote wawili chini ya mwembe mpaka ipite.